RUBANI NAYE NI SHUJAA? SOMO KUTOKA ANGA YA NGAZIJA

Katika fasihi simulizi sote tumekaririshwa sifa za shujaa wa mighani. Ukimwamsha mwanafunzi wa kidato cha tatu usiku wa manane atakutajia Fumo Liyongo wa pwani, Luanda Magere wa Kano, na jirani yetu Gor Mahia wa Kanyamwa. Lakini mwulize swali moja tu: je, mtu aliyevaa shati jeupe na tai, anayelipwa mshahara kila mwezi kwa kuendesha ndege, anaweza kuitwa shujaa? Hapo utaona anakuna kichwa.

Swali hili si la mzaha. Kila rubani anapotua kwa dharura na watu wakapona, umma humwinua juu juu. Magazeti humsifu, viongozi humpa mkono, na watoto hutaka kuwa kama yeye. Je, sifa hizo ni za haki? Na akitua na wengine wasipone, tumwiteje? Makala haya yatalijibu swali hilo kwa kutumia kisa cha kweli kilichotokea katika eneo letu hili la Afrika Mashariki.

1. NENO LENYEWE

Neno shujaa lina asili ya Kiarabu. Liko katika ngeli ya A-WA, na wingi wake ni mashujaa. Kutokana nalo tunapata nomino dhahania ushujaa. Maneno yanayokaribiana nalo ni jasiri na jagina. Hata hivyo tuwe waangalifu. Jasiri ni yule asiyeogopa au anayeishinda hofu yake. Mwizi pia anaweza kuwa jasiri! Shujaa ni zaidi ya hapo. Ujasiri wake lazima uwafae wengine. Ndiyo maana hapa Kenya tuna Siku ya Mashujaa tarehe 20 Oktoba, wala hatuna Siku ya Majasiri.

Shikilia tofauti hiyo, kwa sababu tutaihitaji mbele.

2. KISA CHENYEWE

Tarehe 23 Novemba mwaka wa 1996 ndege ya Shirika la Ndege la Ethiopia, safari nambari 961, iliondoka Addis Ababa kuelekea Nairobi. Ilikuwa ndege kubwa aina ya Boeing 767. Ndani mlikuwa na watu 175. Rubani mkuu alikuwa Leul Abate, na msaidizi wake Yonas Mekuria.

Dakika ishirini hivi baada ya kupaa, vijana watatu walivamia chumba cha rubani. Walichukua shoka la dharura na mtungi wa kuzimia moto vilivyokuwamo ndegeni, wakadai wana bomu, na wakasema wako kumi na mmoja. Ukweli ni kwamba walikuwa watatu tu. Walimpiga rubani msaidizi na kumtoa nje ya chumba. Kisha wakamwamuru Leul awapeleke Australia.

Australia! Leul aliwaeleza kuwa mafuta yaliyopo ni ya kufika Nairobi na akiba kidogo. Hawakusadiki. Walikuwa wamesoma katika jarida la abiria kwamba ndege ya aina ile yaweza kukaa angani saa kumi na moja. Ni kweli inaweza, lakini matangi yakiwa yamejaa. Hawa walisoma sentensi moja wakaiacha maana yake. Sisi tunaokariri madondoo bila kuelewa muktadha tuna la kujifunza hapo.

Sasa tazama akili ya rubani. Hakubishana nao sana, kwani mwenye shoka habishiwi. Badala ya kugeukia bahari kuu upande wa mashariki, alifuata ufuo wa Afrika akielekea kusini, ili mafuta yakiisha awe karibu na nchi kavu. Watekaji nyara walipogundua kuwa bado wanaona ardhi, walimlazimisha aelekee baharini. Akatii, lakini kwa ujanja akaelekea visiwa vya Komoro, vilivyo kati ya Msumbiji na Madagaska. Alipofika huko akazungukazunguka. Aliwaonya tena na tena kuwa mafuta yanakwisha, nao wakazidi kuziba masikio.

Injini moja ikazima. Rubani akawatangazia abiria kupitia kipaza sauti kwamba mafuta yamekwisha na wajitayarishe kwa ajali. Baadaye injini ya pili nayo ikanyamaza. Ndege ya tani nyingi ikawa inaelea hewani kama tiara iliyokatika uzi. Kilichobaki ni kipangaboi kidogo kinachojitokeza chini ya ndege na kuzungushwa na upepo, ambacho huleta nguvu kidogo tu za kuongozea chombo. Vile vibawa vya kupunguzia mwendo wakati wa kutua havikuweza kutumika.

Leul alitaka kutua kwenye uwanja wa ndege wa kisiwa cha Ngazija. Lakini purukushani katika chumba chake zikampotezea alama aliyokuwa akiilenga. Yonas, ingawa alikuwa amejeruhiwa, alirudi kumsaidia mwenzake. Rubani akaamua kutua baharini, mahali pa maji machache karibu na pwani ya Mitsamiouli, mbele ya hoteli ya kitalii, ili waokoaji wasiwe mbali. Alijaribu kwenda sambamba na mawimbi. Bawa la kushoto na injini yake viligusa maji kwanza, na ndege ikavunjika vipande mita mia tano hivi kutoka ufuoni. Mwendo wake ulikuwa zaidi ya kilomita 300 kwa saa.

Wenyeji na watalii waliingia baharini kwa mashua na kuwavuta watu. Miongoni mwa watalii walikuwamo madaktari na wapiga mbizi. Kati ya watu 175, waliopona ni 50. Waliokufa ni 125, wakiwamo watekaji nyara wote watatu. Kenya ilimpoteza mpiga picha mashuhuri Mohamed Amin, yule ambaye picha zake za njaa ya Ethiopia mwaka wa 1984 ziliutikisa ulimwengu. Mwenzake Brian Tetley pia alifariki. Leul na Yonas walinusurika, na wote wawili walirudi kazini kurusha ndege.

3. TUMPIME RUBANI KWA MIZANI YA MIGHANI

Hebu sasa tuzichukue zile sifa tunazofundishwa darasani, tuone kama zinamkaa Leul.

(a) Shujaa huwa na nguvu zisizo za kawaida. Mwili wa Luanda Magere ulikuwa jiwe, mkuki haukupenya. Gor Mahia alisifika kwa uganga na kwa kujigeuza umbo apendavyo. Je, Leul alikuwa na nini? Hakuwa na hirizi. Alikuwa na zaidi ya saa 11,000 za kurusha ndege. Gawanya kwa 24 uone: ni zaidi ya siku 458 za mchana na usiku angani. Isitoshe, kabla ya siku hiyo alikuwa ametekwa nyara mara mbili na akatoka salama. Mazoezi ndiyo yaliyokuwa dawa yake. Tofauti na dawa ya Gor Mahia, hii hata wewe waweza kuipata.

(b) Shujaa huwa na udhaifu wa siri. Siri ya Liyongo ilikuwa kitovuni, na mwanawe mwenyewe akamdunga sindano ya shaba. Siri ya Magere ilikuwa kivulini. Adui alipoijua siri, shujaa akaanguka. Kwa rubani mambo ni kinyume. Udhaifu wake, yaani uchache wa mafuta, haukuwa siri. Aliutangaza mwenyewe kwa adui, na adui akakataa kuamini! Magere aliangamia kwa sababu adui alijua ukweli. Safari ya 961 iliangamia kwa sababu adui aliukataa.

(c) Shujaa huipigania jamii yake. Hapa hapana shaka. Kila kona aliyoikata angani, kuanzia kufuata ufuo hadi kuchagua maji ya karibu na hoteli, ilikuwa kwa ajili ya abiria. Wale vijana watatu walikuwa majasiri, hatuwezi kukataa. Lakini ujasiri wao haukumfaa yeyote, hata wao wenyewe. Ndipo unapoiona ile tofauti ya jasiri na shujaa tuliyoitaja mwanzoni.

(d) Shujaa wa mighani hufa kwa huzuni, na kifo chake hukamilisha hadithi. Leul hakufa. Alibaki hai akiwa amebeba kumbukumbu ya watu 125. Wengine watasema huo ni mzigo mzito kuliko kaburi.

Kwa hiyo rubani ana sifa moja kamili ya mighani, ile ya (c), na nyingine zimempinda. Basi tumtoe katika orodha? La hasha. Labda orodha ndiyo inayohitaji kuongezwa sifa ya tano: shujaa wa siku hizi hufanya kazi yake vizuri wakati ambapo kila mtu angemsamehe kama angeiacha.

4. SWALI GUMU: NA WALE 125?

Wapo watakaopinga. Watasema, "Shujaa gani huyu na watu mia na ishirini na tano wamekufa? Sifa zenu ziko wapi?" Hoja hii tusiidharau. Jamaa za marehemu wana haki ya kuiuliza.

Watu hupenda kumlinganisha Leul na rubani Mmarekani, Chesley Sullenberger. Tarehe 15 Januari 2009 ndege yake aina ya Airbus A320 iligongana na kundi la mabata bukini muda mfupi baada ya kupaa kutoka New York. Injini zote mbili zikapoteza nguvu. Akaitua juu ya mto Hudson, na watu wote 155 wakapona. Dunia nzima ilimshangilia, na mwaka wa 2016 ikatolewa filamu juu yake. Chanda chema huvikwa pete.

Lakini tutazame hali ya kila mmoja. Sullenberger alitua kwenye mto mtulivu katikati ya jiji, na vivuko vikamfikia kwa dakika chache. Msaidizi wake Jeffrey Skiles alikuwa kitini, mzima, akimsaidia tangu mwanzo. Hakuna aliyemshikia shoka. Leul alitua baharini kwenye mawimbi, baada ya muda wa takriban saa nne za vitisho, huku watu wakipigana chumbani mwake. Ukihesabu maiti peke yake, utamwita mmoja shujaa na mwingine aliyeshindwa. Ukihesabu kile ambacho kila mmoja angeweza kufanya, utaona wote wawili walifanya karibu chote.

Kama Leul angetii amri ya kwenda mashariki moja kwa moja, mafuta yangekwisha katikati ya Bahari ya Hindi, mahali ambapo hakuna mvuvi wala mtalii. Hao 50 wasingekuwapo. Kwa hivyo anayeuliza "Na wale 125?" apewe pole yake kwa heshima. Kisha naye aulizwe, "Na wale 50?"

Tena kuna jambo la kusikitisha zaidi. Baadhi ya abiria walikufa si kwa kishindo, bali kwa jaketi za kuokoa maisha. Walizijaza hewa wakiwa bado ndani ya ndege. Maji yalipoingia, jaketi zikawainua hadi darini wakashindwa kuzama kidogo ili watokee mlangoni. Kila abiria huelezwa kabla ya safari kwamba jaketi hujazwa hewa ukishatoka nje. Nani husikiliza? Wengi wetu tungekuwa tunachungulia dirishani. Rubani hawezi kuwa shujaa kwa niaba ya masikio yetu.

5. SIFA ZINAKWENDA WAPI?

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Lakini upande mwingine, asiyesifiwa hukata tamaa. Shida ya sifa za umma ni kwamba hupenda mtu mmoja. Ndege ina rubani msaidizi na wahudumu, na chini kuna mafundi waliokaza kila parafujo, na watu wa mnara wa kuongozea ndege. Wakati wa kushangilia, wote hao hufifia kama taa za koroboi jua linapotoka. Ni wangapi wanaolikumbuka jina la Yonas Mekuria? Nawe jiulize, timu ya shule ikishinda, ni nani humkumbuka aliyeosha jezi?

Wakati mwingine sifa huangukia mtu asiyekuwa hata ndani ya ndege. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air iliyotoka Dar es Salaam ilianguka katika Ziwa Viktoria, karibu kabisa na uwanja wa Bukoba, wakati wa hali mbaya ya hewa. Ilibeba watu 43. Waliofariki ni 19, na marubani wote wawili walikuwa miongoni mwao. Waliopona ni 24. Wa kwanza kufika walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Mmoja wao, kijana Majaliwa Jackson, alisifiwa nchi nzima. Alizawadiwa shilingi milioni moja za Tanzania, na Rais Samia Suluhu Hassan akaagiza apewe nafasi katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Ziwa hilo ndilo letu. Maji yanayopiga ufuo wa Bukoba ndiyo yanayopiga Homa Bay, Mbita, Karungu na Muhuru. Sisi wa Rongo tuko mbali kidogo na ufuo, lakini samaki tunaokula wametoka huko, na wengi wetu tuna binamu au mjomba anayelala ziwani usiku akivua. Ikiwa mvuvi mwenye kasia anaweza kuwa shujaa wa ajali ya ndege, basi ushujaa hauko mbali na nyumba zetu. Lakini pia tujiulize: ni mara ngapi mitumbwi hupinduka na wavuvi wakazama, hakuna ndege, hakuna waandishi wa habari, hakuna wa kuwapa mkono waliowaokoa wenzao? Ushujaa wao ni ule ule. Umepungukiwa na gazeti tu.

6. TUFUNGE MIZIGO

Tumeona mambo matatu. Kwanza, shujaa hutofautiana na jasiri kwa sababu tendo lake huwafaa wengine. Pili, tusimpime shujaa kwa matokeo pekee, bali kwa hali aliyokutana nayo na njia zilizokuwa wazi mbele yake. Tatu, ushujaa wa rubani hauanzi injini zinapozima. Huanza miaka mingi nyuma, siku ambayo hakuna anayetazama, akirudia zoezi lile lile mpaka mkono ulijue kabla ya akili.

Mwanafunzi mwenzangu, hilo la tatu ni lako. Hakuna atakayekupigia makofi leo usiku ukirudia hesabu ulizokosa. Lakini siku ya dhiki, iwe ni mtihani, mtumbwi unaopinduka au mgonjwa anayekutegemea, utatumia kile tu ulichokwisha kujizoeza. Akiba haiozi.

MSAMIATI

Rubani: mtu anayeongoza ndege. Zamani neno hili lilitumika pia kwa anayeongoza meli bandarini.
Kuteka nyara: kuchukua watu au chombo kwa nguvu ili kulazimisha jambo.
Kutua kwa dharura: kushuka kwa ndege mahali au wakati ambao haukupangwa, kwa sababu ya hatari.
Purukushani: vurugu za watu wanaokabiliana.
Tiara: karatasi inayorushwa hewani kwa uzi, kishada.
Jagina: mtu hodari, shujaa.

ZOEZI

1. Eleza tofauti kati ya jasiri na shujaa ukitumia mifano kutoka kisa cha safari ya 961.
2. "Luanda Magere aliangamia kwa sababu adui alijua ukweli." Linganisha kauli hii na yaliyompata Leul Abate.
3. Tunga sentensi mbili ukitumia methali "Mgema akisifiwa tembo hulitia maji" katika muktadha wa sifa za umma.
4. Andika insha ya mjadala: Rubani anayepoteza abiria wengi hastahili kuitwa shujaa. Toa hoja za pande zote mbili, kisha useme msimamo wako.
5. Mhoji mvuvi au mzee wa kijiji chenu kuhusu mtu aliyewahi kuokoa wenzake majini. Andika masimulizi yake kwa ukurasa mmoja, uyalete chamani. Yale mazuri tutayasoma mbele ya wote, ili angalau shujaa mmoja asiye na gazeti apate gazeti letu.